Stanley: mwandishi wa gazeti aliyeiita inchi yetu giza

Kwa wakaaji wa Ntoto na wa vijiji vingine vya mpaka wa Masisi na Walikale, habari inafika kwa njia mbili: redio na simu. Ku redio mtu anasikiliza habari tangu mwanzo mpaka mwisho. Ku simu ni tofauti. Mega ni kidogo, rezo inakuja na kwenda, basi wengi wanasoma kichwa cha habari tu, kisha wanakipeleka kwa mwengine. Njo maana kichwa kimoja kibaya kinaweza kufunga soko, kuzuia watoto kwenda masomo, ao kutuma mama porini usiku na mtoto mgongoni, wakati habari yenyewe ilihusu kijiji cha mbali sana.

Mtindo huu wa kuvuta watu kwa maneno makali ni wa zamani kuliko simu. Na kuko mtu mmoja aliyeutumia kwa kusimulia inchi yetu mbele ya dunia nzima: Henry Morton Stanley. Wengi wanamjua kama mzungu aliyeshuka mto Kongo na kumfungulia mfalme Leopold mlango. Wachache wanakumbuka kwamba kazi iliyompa jina ilikuwa ni hii yetu, uandishi wa habari. Leo tunasimulia maisha yake kwa upande huo.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka wa 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, ku Wales, Uingereza. Jina lake la kuzaliwa ni John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na ndugu za mama hawakutaka mzigo wa huyo mtoto. Alipofika miaka sita walimpeleka ku nyumba ya maskini ya St Asaph, mahali palipowekwa wazee, wagonjwa na watoto wasiokuwa na mwenye kuwalea. Akakaa pale karibu miaka tisa. Alisoma, akajua kuandika vizuri, lakini haya ya kuzaliwa kwake haikumtoka mpaka kifo.

Mwaka wa 1859 alipanda meli akaenda Marekani, akashukia mji wa New Orleans. Kule akachukua jina jipya. Baadaye alisimulia kwamba tajiri mmoja wa pamba, Henry Hope Stanley, alimpenda na kumfanya mtoto wake. Wanahistoria waliochunguza hawakukuta alama ya mambo hayo namna alivyoyasimulia. Tunaona mapema tabia moja iliyomfuata maisha yote: pale ukweli ulipokuwa mchungu ao mdogo, aliutengenezea hadithi nzuri zaidi.

Vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, aliingia jeshi la kusini. Mwezi wa 4 mwaka wa 1862 akakamatwa katika mapigano ya Shiloh. Ili atoke gerezani, akakubali kuvaa nguo za jeshi la kaskazini, lakini ugonjwa ukamtoa haraka. Mwaka wa 1864 akaingia jeshi la majini la kaskazini, na mwaka uliofuata akakimbia. Kisha akaanza kuandikia magazeti. Mwaka wa 1867 alifuata askari waliokuwa wanapigana na wenyeji wa asili wa magharibi ya Marekani, akawa anatuma habari. Pale njo alijifunza kwamba gazeti linalipa mtu ambaye habari yake inamfanya msomaji asimame.

Mtu wa simu ya nyaya, ku Suez

Wakati ule gazeti New York Herald lilikuwa kati ya yale yaliyosomwa zaidi Marekani. Lilianzishwa mwaka wa 1835 na James Gordon Bennett, kisha likaongozwa na mtoto wake aliyebeba jina lile lile. Stanley akaomba kazi pale. Wakamjaribu: aende Abisinia, njo Ethiopia ya leo, ambako Waingereza walikuwa wanaenda kupigana na mfalme Tewodros.

Stanley hakuwa mwandishi pekee kule. Waandishi wa magazeti ya London walikuwepo pia. Lakini yeye, alipopita Suez, alizungumza kwanza na mkubwa wa ofisi ya telegrafu na kumpa kitu kidogo, ili habari zake zipite mbele ya zote. Tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka wa 1868 ngome ya Magdala ikaanguka, na Tewodros akajiua. Stanley akakimbia na habari yake mpaka Suez, ikatumwa ya kwanza. Mara tu baada ya hapo waya wa baharini ukaharibika, na habari za wengine zikakwama. Watu wa New York wakajua mwisho wa vita ya Waingereza mbele ya Waingereza wenyewe.

Kutoka siku hiyo Stanley alikuwa na kazi ya kudumu. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Ila njia ilikuwa ya hongo, na matajiri wake walimsifu juu ya kufika wa kwanza.

Gazeti la vichwa virefu

Tueleze kidogo namna magazeti ya Marekani yalivyokuwa. Hayakuwa na picha kubwa kama leo. Kilichomvuta mpita njia ni kichwa cha habari. Na kichwa hakikuwa mstari mmoja. Vilikuwa vichwa vidogo vidogo, vimepangwa kimoja chini ya kingine, tano, sita, hata zaidi. Cha kwanza kilitisha ao kilishangaza. Cha pili kiliongeza. Vya chini vilitaja safari, hatari, vifo, na mwisho. Mtu angesoma vichwa tu na kudhani ameshajua yote.

Jambo la pili: vichwa vile havikuandikwa na Stanley. Yeye alituma barua kutoka mbali, na watu wa ofisi ya New York njo walipanga vichwa. Ni vile vile hata leo katika redio na magazeti mengi. Aliyekwenda mahali ni mmoja, aliyeandika kichwa ni mwengine, na huyu wa pili mara nyingi hajawahi kuona kijiji anachokitaja. Hata hivyo Stanley alijua vizuri gazeti lake linapenda nini, na aliandika barua zake kwa kulilisha.

Ujiji, mwaka wa 1871

Kwa masimulizi yake mwenyewe, ilikuwa mwezi wa 10 mwaka wa 1869, ku Paris, ambapo Bennett mtoto alimwita na kumwambia amtafute David Livingstone. Huyu alikuwa misionere na mpelelezi Mskoti, aliyeingia ndani ya Afrika tangu mwaka wa 1866, na habari zake hazikuwa zinafika tena Ulaya. Wengine walisema amekufa. Kwa gazeti, ile ilikuwa habari ya dhahabu: mzee anayependwa, amepotea, na watu wote wanauliza yuko wapi.

Stanley akafika Zanzibar mwanzo wa mwaka wa 1871, na mwezi wa 3 msafara wake ukatoka Bagamoyo, watu karibu 190. Tusisahau nani alibeba msafara ule. Kuko Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa amewaongoza wazungu wengine mbele ya Stanley na aliyejua njia kuliko yeye. Kuko Wangwana na wapagazi wengi waliokufa kwa homa, kwa njaa, na katika vita ya Mirambo karibu na Tabora. Majina yao hayakuingia katika kichwa cha habari hata kimoja. Wazungu wawili waliokuwa naye pia walikufa.

Mwezi wa 11, jinsi Stanley alivyohesabu siku zake, akaingia Ujiji, kandokando ya ziwa Tanganyika, na kumkuta Livingstone akiwa mzima, ila mgonjwa na maskini. Salamu ambayo Stanley alisema alimtolea mzee ikakuwa sentensi maarufu kuliko zote za safari ile. Watu wanaitania mpaka leo. Lakini katika daftari ya Stanley ukurasa wa siku ile umepasuliwa, haupo. Na Livingstone katika daftari yake hakuandika ile salamu. Wachunguzi kadhaa wanadhani Stanley aliitunga baadaye. Mkutano ulikuwa wa kweli kabisa. Maneno yaliyouuzisha ndiyo yenye mashaka.

Kuko jambo lingine la safari hiyo linalotugusa sisi watu wa Kivu. Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi pamoja mpaka mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, karibu na pale Uvira na Bujumbura ziko leo. Wakaona kwamba mto Ruzizi unaingia ndani ya ziwa, hautoki. Wazungu walikuwa wamebishana juu ya hilo miaka mingi. Wavuvi wa pale walilijua siku zote.

Habari iliyokuwa ndani ya mfuko

Stanley alipoachana na Livingstone mwezi wa 3 mwaka wa 1872, alibeba barua na daftari za mzee. Ndani yake kulikuwa na habari nzito kuliko mkutano wa Ujiji.

Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 1871, Livingstone alikuwa ku Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika Maniema. Ilikuwa siku ya soko, na watu wengi walikuwa wamekuja, zaidi wanamama wenye kuuza vyakula. Watu wa wafanyabiashara wa utumwa, wale wazee wetu waliwaita Batambatamba, wakafyatua bunduki katikati ya soko. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni wakitafuta mitumbwi. Ni mamia ya watu. Livingstone aliona kwa macho yake, na moyo wake ukavunjika.

Gazeti likachapisha barua za Livingstone juu ya utumwa. Zilisaidia sana kuamsha watu Uingereza, na mwaka wa 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa kwa nguvu ya Waingereza. Hapo tuseme haki: bila kelele za gazeti, huenda barua zile zisingesomwa na watu wengi namna ile. Kichwa cha kuvuta watu kinaweza kuokoa watu.

Lakini tuangalie mpangilio. Kilichowekwa juu ni mzungu amemkuta mzungu. Wanamama waliokufa sokoni Nyangwe walikuwa chini, kwa yule mwenye subira ya kusoma mpaka huko. Leo mtoto wa Ulaya anaweza kujua salamu ya Ujiji bila kujua jina la Nyangwe.

Na Stanley mwenyewe alilipa bei ya gazeti lake. Alipofika Uingereza, wengi hawakumwamini. Walisema Herald linapenda kuongeza chumvi, labda hata barua za Livingstone ni za uongo. Ilibidi jamaa ya Livingstone ithibitishe mwandiko. Mwandishi alikuwa amefanya kazi ya kweli, akateswa na jina la gazeti lililozoea kupaaza sauti.

Wanyama wa New York

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka wa 1874, Herald lilitoa habari kubwa: wanyama wakali wametoroka katika bustani ya wanyama ya Central Park, wanaua watu barabarani. Vichwa vya juu vilikuwa vya msiba. Habari ikajaza safu nyingi. Watu wakajifungia majumbani, wengine wakatoka na bunduki.

Hakuna mnyama aliyetoka. Mwisho kabisa wa habari, waandishi walieleza kwamba yote ni ya kutunga, walitaka tu kuonyesha kwamba bustani ile haina ulinzi mzuri. Lakini nani alifika mwisho? Watu walisoma vichwa wakakimbia.

Siku nane baada ya hapo, tarehe 17, Stanley alitoka Bagamoyo kwa safari yake ya pili, akilipwa na Herald pamoja na Daily Telegraph la London.

Bumbire, na ngoma za Aruwimi

Safari hiyo ya pili ilikuwa ndefu na ya kutisha. Alizunguka ziwa Victoria kwa mashua yake. Mwaka wa 1875, ku kisiwa cha Bumbire, aligombana na wenyeji. Miezi michache baadaye akarudi na watu wengi wenye bunduki, akawapiga kutoka mitumbwini. Kisha yeye mwenyewe akaandika habari hiyo ku gazeti kwa majivuno. London ikawaka hasira. Mashirika ya kutetea wenyeji na ya kupinga utumwa yalimshitaki mbele ya watu. Wanahistoria kadhaa wanaona kwamba Stanley aliongeza hesabu ya waliokufa katika mapigano yake ili kuwafurahisha wasomaji wa Marekani. Kama ni vile, basi alijichafua kwa kalamu yake. Na kama hakuongeza, ni vibaya zaidi.

Mwezi wa 10 mwaka wa 1876 alifika Maniema. Akapatana na Hamed bin Muhammed, yule tunamwita Tippu Tip, amsindikize kushuka Lualaba. Stanley ameandika upande wake wa mapatano hayo. Lakini Tippu Tip naye alisimulia maisha yake, kwa Kiswahili, na yakachapishwa mwanzo wa miaka ya 1900. Humo analalamika kwamba Stanley alimwahidi mengi na hakutimiza, na kwamba baadaye alimtumia picha yake. Msomaji wa Kiswahili anaweza kusikia pande mbili. Wasomaji wa New York walisikia moja.

Akashuka mto. Alihesabu mapigano zaidi ya 30 na watu wa pembeni. Moja lilikuwa mwanzo wa mwaka wa 1877, pale mto Aruwimi unaingia katika mto mkubwa, karibu na Basoko. Stanley alisimulia mitumbwi mingi ya vita ikija na kelele kumshambulia. Miaka mingi baadaye mzee mmoja wa pale, Mojimba, alimsimulia padiri Fraessle upande wao. Walikuwa wamesikia mgeni wa ajabu anakuja, wakapamba mitumbwi, wakachukua ngoma, wakaenda kumpokea kwa sherehe. Wakapokelewa kwa risasi.

Tukio ni lile lile, mto ni ule ule. Kichwa cha habari kimoja kilienda dunia nzima, kingine kilibaki kijijini mpaka padiri alipokiandika.

Tarehe 9 mwezi wa 8 mwaka wa 1877 Stanley akafika Boma. Wazungu watatu waliotoka naye wote walikuwa wamekufa, na wa msafara wake wengi sana hawakufika. Yeye alihesabu siku 999. Hesabu kama hiyo inapendeza kichwani, na magazeti waliipenda. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na yeye pamoja na wachapishaji wake wakakiita kwa jina lenye maana ya kupita katikati ya bara la giza.

Kutoka kalamu mpaka Bula Matari

Jina lile la giza lilifanya kazi. Aliyesoma aliamini kwamba kule hakuna serikali, hakuna masoko, hakuna sheria. Basi mtu yeyote mwenye taa aende kuwasha. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa anasoma magazeti kwa makini. Akamwajiri Stanley.

Tangu 1879 mpaka 1884 Stanley alipasua njia ya mawe kule chini ya mto, akajenga vituo, Leopoldville mwaka wa 1881, na mwisho wa 1883 kituo cha maporomoko pale Kisangani. Watu wakampa jina Bula Matari, mpasua mawe. Baadaye jina hilo likawa la serikali yenyewe: ya kodi, ya kamba, ya fimbo. Yeye na watu wake walikusanya mamia ya mikataba na machifu wasiojua kusoma yaliyoandikwa. Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 alikaa upande wa Wamarekani kama mshauri. Kongo ikatoka pale ikiwa mali ya mtu mmoja.

Safari yake ya mwisho ilipita karibu zaidi na sisi. Kati ya 1887 na 1889 alitumwa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria. Alitoka mdomo wa mto, akapita Yambuya na msitu wa Ituri, akafika ziwa Albert, kisha akashuka bonde la Semliki chini ya Rwenzori. Ziwa alilokuta mbele, lililokuwa na majina yake, akaliita Edward, jina la mtoto wa malkia wa Uingereza. Watu wengi wa msafara, hasa waliobakizwa Yambuya, walikufa kwa njaa na magonjwa. Vijiji vya njiani vilinyang'anywa chakula. Masisi na Walikale hakufika. Lakini hakuna aliyechagua: jina la giza lilitufunika hata sisi.

Kitabu kikatoka mwaka wa 1890. Safari hii giza halikutosha, jina likazungumzia giza kuu kabisa. Kikauzika sana, kikatafsiriwa katika luga nyingi. Mwaka ule ule William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, alitoa kitabu juu ya maskini wa Uingereza na kukipa jina kwa mfano wa lile la Stanley, juu alijua linavuta watu.

Na mwaka ule ule mwandishi mwengine alikuwa Kongo. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alifika mpaka Stanley Falls, njo Kisangani, na mwezi wa 7 mwaka wa 1890 akaandika pale barua ya wazi kwa Leopold. Alieleza ujanja uliotumiwa kuchukua ardhi, viboko, minyororo, vijiji kuchomwa. Alimtaja Stanley pia. Matajiri wa Leopold walimchafua jina, na mwaka wa 1891 akafa akiwa na miaka 41 tu. Aliyosema yalithibitishwa miaka kumi na zaidi baadaye. Wakati ule dunia ilikuwa inanunua kitabu cha giza kuu.

Mwisho wake

Stanley alioa mwaka wa 1890, akawa mbunge wa Uingereza kutoka 1895 mpaka 1900, akapewa cheo cha heshima na malkia. Alikufa London tarehe 10 mwezi wa 5 mwaka wa 1904. Alitaka kuzikwa katika kanisa la Westminster, kando ya Livingstone, ambaye yeye alikuwa kati ya waliobeba sanduku lake mwaka wa 1874. Mkubwa wa kanisa akakataa. Mwaka ule ule ripoti ya Roger Casement juu ya mateso ya Kongo ilikuwa imetoka, na Edmund Morel alikuwa ameanzisha chama cha kudai mabadiliko. Jina Stanley lilianza kunuka damu ya mpira. Akazikwa katika kijiji cha Pirbright. Ku jiwe lake wameandika Bula Matari, na chini neno Afrika.

Kwetu, majina aliyoyaacha mengi yalitolewa. Stanleyville ikawa Kisangani mwaka wa 1966, Stanley Pool ikawa Malebo, sanamu yake ya Ngaliema ikaangushwa wakati wa Mobutu. Kilele cha Rwenzori kinabeba jina lake bado. Na lile neno giza linarudi katika magazeti ya nje kila mara Kivu inapotajwa.

Sisi tunachukua nini hapa?

Kuvuta msomaji si dhambi. Habari isiyosomwa haisaidii mtu, na barua za Nyangwe zinatuonyesha hivyo. Shida inaanza pale kichwa kinaahidi kitu ambacho habari haina.

Tuchukue mfano. Nyumba mbili zimeungua katika kijiji kimoja juu ya moto wa jikoni. Mtu anaandika ku simu kwamba Masisi inawaka. Hakusema uongo wote, moto ulikuwepo. Lakini mama wa Ntoto anasoma, anaacha shamba la mihogo, anakimbia. Shamba linaibiwa. Mtoto anapata homa porini. Kwa sisi hapa, kichwa cha habari ni kitu cha kuhamisha watu.

Kwa hiyo wewe unayeandika, ao unayepeleka kwa wengine, uliza mambo machache mbele ya kubonyeza. Jina la kijiji liko? Si Masisi yote, si Walikale yote, kijiji. Siku iko? Habari ya mwaka jana ikirudi bila tarehe inaua amani ya leo. Ni hakika ao ni uvumi? Kama ni uvumi, kichwa kiseme hivyo. Umetaja kabila pale mtu mmoja njo amekosa? Litoe. Na upande wa pili, wale wa mitumbwi na ngoma, umewauliza?

Kisha soma kichwa chako kwa sauti, kama ungekisomea mama yako asiyejua kusoma. Akifahamu kweli kilichotokea, na wapi, peleka. Akisimama kufunga mizigo bila sababu, andika upya.